Jumatano ya Sietse

Sietse Bouma aliirudisha Jumatano yake kwa hiari, wala hakuna aliyemwomba. Ilikuwa wiki ya pili ya kufungiwa ndani kwa ajili ya korona, shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, naye amehamishia kazi darini, katika nyumba yao nyembamba mjini Zwolle, Uholanzi, yenye ngazi za kupanda kwa kushikilia. Alikuwa mpangaji wa safari za malori. Nchi nzima ilikuwa imeshikwa na hofu ya kukosa karatasi za chooni, basi malori hayakutosha na simu hazikunyamaza.

Kabla ya hapo kila Jumatano ilikuwa siku ya baba. Wanaume wengi wa mtaa ule walikuwa nayo: mtu anafanya kazi siku nne, ya tano anabaki na mtoto ili mwenzake aende kazini. Fenna, binti yake wa miaka saba, hakuwahi kujua Jumatano ya namna nyingine. Shule inatoka adhuhuri, baba yuko getini na baiskeli, wanakula mkate wa chembe za chokoleti, kisha wanakwenda kupoteza muda popote.

"Sasa niko nyumbani wiki nzima," Sietse alimwambia mkewe. "Siku ya baba ya nini tena? Si kila siku ni ya baba?"

Hanneke alikuwa anafunga viatu aende zamu. Alikuwa muuguzi kwenye nyumba ya wazee, na siku hizo hakuwa na nguvu za kubishana na mtu.

"Haya, baba wa kila siku," alisema. "Tutaona."

Bosi wa Sietse, Marloes, alifurahi, na wiki hiyohiyo akampa uongozi wa kikosi cha wapangaji wa safari, nafasi ambayo Sietse aliimezea mate miaka miwili. Ilitaka mtu wa siku tano. Jamaa akajiona mjanja kuliko wenzake wote.

Baba alikuwa nyumbani, ndiyo, lakini nyumbani kwenyewe ni darini, mlango umefungwa, masikio yamezibwa na vipokea sauti. Fenna alibaki chini na kompyuta ya shule. Aliambiwa asipande mpaka baba ashuke, naye hakupanda. Alikuwa mtoto msikivu, na usikivu huo ndio uliomponza: baba yake alisikia kimya akadhani mtoto ameridhika.

Wakati ule watu waliweka dubu wa kuchezea madirishani ili watoto wakipita wawahesabu. Jumatano ya kwanza Fenna aliomba waende. "Baadaye kidogo, mama," Sietse alimjibu. Ya pili aliomba tena. Ya tatu hakuomba.

Jumatano ya nne, saa tano asubuhi, Sietse alikuwa anashuka kutafuta kahawa. Chini darasa lilikuwa limejaa kwenye skrini, na mwalimu anamuuliza kila mtoto ameona dubu wangapi. Mmoja alisema kumi na tisa. Mwingine akasema thelathini na wawili, wenzake wakamwambia mwongo.

"Na wewe, Fenna?"

"Mimi bado sijaenda, mwalimu. Jumatano hakuna mtu mkubwa nyumbani."

"Baba je?"

"Baba yuko kazini."

"Kazini wapi, jamani? Si kumefungwa?"

"Juu," Fenna alisema, akanyoosha penseli kuelekea dari. Hakuwa analalamika. Alilisema hivihivi, kama mtu anayetaja mtaa anaokaa.

Sietse alisimama kwenye ngazi na kikombe kitupu mkononi, na ilimuuma sana. Kisha, na hili alimsimulia Hanneke jioni ile bila kujitetea, alipanda tena juu akamaliza kikao, kwa sababu malori mawili yalikuwa yamekwama mpakani. Saa saba ndipo alipompigia bosi.

"Marloes, naitaka Jumatano yangu."

"Si uliirudisha mwenyewe? Nilikushikia fimbo?"

"Hukunishikia."

"Unajua kikosi kinataka mtu wa siku tano. Nimpe Bart?"

Bart alifundishwa kazi na Sietse, tangu kuwasha kompyuta.

"Mpe Bart."

"Usije ukanililia Jumatano ijayo."

"Nitalia Alhamisi," alisema Sietse.

Zilipita wiki mbili kabla hajaachiwa. Jumatano yake ya kwanza alifunga mlango wa darini kwa nje, wakatoka yeye na binti yake. Walizunguka mtaa mzima na mtaa wa pili. Lakini watu walikuwa wamewachoka dubu wao, madirisha yamerudiwa na maua. Waliona wawili tu, mmoja ameanguka kifudifudi.

"Tumechelewa," Fenna alisema.

"Mimi ndiye niliyetuchelewesha. Nisamehe, mama."

Fenna aliifikiria ile samahani mpaka wakafika kona.

"Jumatano ijayo uko?"

"Niko."

"Na ile nyingine?"

"Niko."

"Na ile ya baada ya hiyo?"

Walizihesabu hivyo mpaka wakafika Jumatano za Julai. Sietse alijibu moja baada ya nyingine, na kila alipojibu aliona haya, maana miezi miwili tu nyuma mtoto huyu hakuwa na haja ya kuuliza.