Nilimtoa Kuku Tengani, Mama Mdogo Akaitwa Mchawi

Jina langu lifichwe, mengine yaachwe kama nilivyoyaandika. Nina miaka themanini na sita, ni mjane na mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Gesima, lakini mume wangu alikuwa karani wa reli, na reli ikatushusha Tabora, ambako nimezeekea. Wengi wenu kwa umri ni wajukuu zangu. Nisomeni taratibu.

Miaka ya hamsini, nilipokuwa na miaka kumi na sita, baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa. Mdogo alitoka Kiogoro, na alikuwa na mtoto mchanga wa kiume. Nyumba zao zilitazamana, ua ukiwa mmoja. Mama alifuga kuku kumi na tisa waliolala ndani, pembeni mwa jiko. Mama mdogo alikuwa na watatu tu.

Shangazi yangu aliishi Nyansiongo, ambako mumewe alikuwa kibarua katika shamba la mzungu. Nilipomtembelea alinipa mtetea wa kizungu, mweupe kama maziwa. Nilimbeba kwa kikapu mpaka nyumbani, nikiringa njia nzima.

Mama mdogo alinipokea uani. Akamwinua yule kuku, akamtazama macho, akamnusa mdomo.

"Mgeni huyu asichangamane na wenyeji," akasema. "Mfunike kwa tenga nyuma ya ghala, majuma mawili. Kwetu mama aliletewa jogoo wa sokoni, tukabaki na manyoya."

Nikacheka. "Mama mdogo, kuku naye awekwe kizuizini? Kamkosea nini gavana?"

"Cheka, mwanangu. Lakini mfunike."

Nilimfunika siku mbili. Ya tatu ilikuwa Sabato, na wasichana wenzangu wangepitia kwetu baada ya kanisa. Nilitaka wamwone akitembea. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine. Nikaliinua tenga. Mama mdogo alikuwa kizingitini, akaniona. Aliwaita kuku wake watatu, akawafungia ndani.

Wiki haikwisha. Jogoo wa mama alianza kupinda shingo kana kwamba anatafuta kitu mgongoni mwake. Kisha wengine: mabawa chini, midomo wazi, kinyesi cha kijani. Mama aliwanywesha maji ya pilipili, akawanywesha maji ya majivu, akawaombea. Mweupe wangu naye alikufa, na kifo chake kikawa ngao yangu, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba ndiye aliyeleta kilichomuua. Mama mdogo alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua: "Watenge waliobaki! Waliokufa wachomwe, wasiliwe!" Mama akaendelea na pilipili yake. Kumi na tisa wote wakaisha.

Hapo mama akaanza kuhesabu mambo mengine. "Amejuaje? Wangu wamekwisha, wake watatu wananenepa. Anayejua saa ambayo ugonjwa utaingia ndiye aliyeufungulia mlango."

Neno hilo lilitoka nje ya boma. Wanawake wakaacha kuomba moto kwa mama mdogo. Kisimani walimwimbia: "Omorogi wa kuku, leo zamu ya nani? Ya mbuzi?" Omorogi ni mchawi. Yeye alijaza mtungi wake, akapanda kilima.

Jioni moja baba, aliyekuwa amejificha wiki nzima katika shamba la pareto, alituketisha sote. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto wa mama mdogo.

"Ulijuaje?" baba akamuuliza.

"Niliyaona kwetu."

"Basi nani aliyeleta ugonjwa huu hapa?"

Aliinua macho akanitazama. Alikuwa na mimi mkononi mwake kama kifaranga. Kisha akasema, "Sijui."

Nami nikainama, nikajifanya namfunga mtoto shuka vizuri.

Mama mdogo alirudi kwao baada ya mavuno ya wimbi, mtoto mgongoni. Mlangoni kwa mama aliacha tenga, na chini yake kuku wake watatu. "Anzeni na hawa," alisema. Mama aliapa hatawagusa. Mwezi haukwisha wakaanza kutaga, akawagusa. Kuku waliochinjiwa wakwe siku ya mahari yangu walikuwa uzao wao. Nilikula.

Mama alikufa akiamini alilosema. Mwezi uliopita yule mtoto, sasa mzee kama mimi, alinipigia simu. "Dada, mama hali tena. Anataka kulala Gesima." Ng'ombe wa mahari yake hawakurudishwa kamwe, kwa hiyo kwa mila yetu bado ni mke wa baba, na kaburi lake ni kwetu. Lakini wadogo zangu, ambao hawakuwa hata wamezaliwa wakati ule, wamekataa. "Mchawi hazikwi ubavuni mwa mama." Watakutana Jumapili ijayo, na wanasubiri neno langu mimi kifungua mimba.

Nilikuwa tayari kuwaambia kila kitu. Nikaomba kwanza niongee na mama mdogo. Sauti yake imebaki uzi.

"Ndiye wewe wa kuku mweupe?" akauliza, na nikasikia anacheka. Nikalia, nikamwambia kwamba Jumapili nitasema kweli mbele ya wote.

"Usiseme," akanijibu. "Mama yako amelala, usimwamshe kwa aibu. Wewe nawe ulikuwa mtoto. Waambie tu kwamba niliolewa pale."

Nimewaambia hilo tu. Wamenijibu: "Tunajua aliolewa. Tunajua pia alichofanya." Nikinyamaza kama alivyoniomba, atazikwa kwa kaka zake na jina lile juu yake. Nikisema, namvunjia ombi pekee aliloniomba tangu siku ile ya tenga.

Mara ya kwanza nilipompuuza, alipoteza nyumba. Ninyi mnaonisoma, semeni nami kabla ya Jumapili: safari hii nimtii, au niliinue tena tenga?