Kitanda cha Mjukuu Wangu

Nimechonga majeneza hapa Suji tangu ujanani, hivyo kitanda cha mtoto nilikiona kazi ndogo. Mke wa mwanangu alikuwa amebakiza wiki moja kujifungua. Nikaweka vishikio pande zote na, kwa akili zangu nyingi, nikakifunika shuka jeupe kisishike vumbi.

Nilipokibeba kuwapelekea, watu njiani walivua kofia. Nikadhani wananiheshimu, babu mtarajiwa. Wakanifuata wakiimba nyimbo za kanisani, mwinjilisti wetu akiongoza. Niliona wamezidisha, lakini sikuwazuia.

Mkwe wangu akatoka mlangoni, tumbo mbele.

“Shikamoo, baba. Nani amefariki?”

Nyimbo zikakatika. Mwinjilisti akafunua shuka taratibu.

“Mzee, hili ni la nani?”

Nami, kwa majivuno ninayoyajutia hadi leo, nikajibu: “La mjukuu wangu.”