Filimbi Asiyoisikia Yaya

Mwaka jana nilishuka Nchelenge, mji wetu wa kando ya ziwa, kumzika shangazi. Kabla ya kurudi nikapita pale palipokuwa uwanja wetu wa mpira, nyuma ya soko la samaki. Pamejaa nyumba za mabati. Nilisimama kando ya choo cha mtu, nikikadiria goli lilikuwa wapi miaka ile ya tisini.

Yaya wangu, ndivyo sisi wenye asili ya ng'ambo ya ziwa, Kongo, tunavyomwita kaka mkubwa, alikuwa kiziwi tangu augue utotoni. Alicheza beki. Alimsoma mshambuliaji mabega, akajua anakoelekea kabla hajaenda. Shida ilikuwa filimbi. Marefa wa kwetu walikwisha kumzoea, lakini siku kocha wa timu ya kulipwa alipokuja kutoka migodini kutafuta wachezaji, alikuja na refa wake.

Jirani alimshauri mama asiseme lolote. Kocha akijua, atageuza gari. Mama akakubali. Asubuhi nzima alichambua chisense, vile visamaki vidogo vikavu alivyouza, akichambua tena vilivyokwisha kuchambuliwa.

Mechi ilipoanza hatukukaa. Mara filimbi ikalia, wachezaji wote wakasimama, isipokuwa yaya. Alikuwa amempa refa mgongo; akateleza, akampokonya mtu mpira. Refa akaona ni dharau, akatoa kadi ya njano. Yaya aliitazama, hakuelewa amekosa nini. Ya pili ingemtoa. Wewe rafiki yangu, usiombe kungoja filimbi namna ile.

Ilipolia tena naye bado anakimbia, refa akapeleka mkono mfukoni. Mama akaingia uwanjani pekupeku, kitenge kikiburuzika. Jirani alimshika, akamponyoka.

"Bwana refa," alisema akihema, "huyu mutoto haasikiake. Ukipiga filimbi, inua mukono. Ataona, atasimama."

Kocha alikuwa amesikia yote. Nikajua imekwisha.

Refa aliutoa mkono mfukoni mtupu. Tangu hapo kila alipopiga filimbi aliuinua, na watazamaji pande zote wakainua yao, hata wanawake wa sokoni wenye mabeseni kichwani. Yaya hakukosea tena.

Mechi ilipokwisha, kocha alimfuata mama, akamuuliza nyumbani tunamwitaje yaya kwa mkono. Mama akamwonyesha. Kocha akageuka, akamwita hivyo hivyo.

Yaya alicheza kwa kulipwa misimu michache, mpaka goti lilipomkataa. Sisi tulimfuata redioni. Mtangazaji akinyamaza kidogo tu, mama alinibana mkono, akingoja kusikia nani amepewa kadi. Baadaye yaya alitueleza kwamba kule mjini refa peke yake ndiye aliyeinua mkono. Alicheza akigeuka-geuka, shingo ikimuuma.

Mama hayupo tena. Nilipomweleza yaya kwa mikono kwamba uwanja umejengwa nyumba, aliuliza kama wale wanawake wa sokoni bado wapo. Nikamwambia wengi wamekwenda. Akaendelea kuitazama mikono yangu, kana kwamba bado inasema.