Maombi ya Vidole Viwili

Vumbi jekundu la Karatu likipata moto ndani ya kompyuta hutoa harufu ya chungu kilichosahauliwa jikoni. Kwangu, hiyo ndiyo harufu ya ile miezi ya kungoja matokeo ya darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika kibanda cha shangazi yangu karibu na stendi. Shangazi alihamia huku kutoka Kilimanjaro, akawa anachapa kadi za harusi na ratiba za wageni waendao kreta kuona wanyama. Kompyuta yake ilikuwa moja tu, kuukuu, na ilipenda kuganda kazi ikifika pa kuprinti. Ikiganda, shangazi hakuita fundi. Aliweka mkono juu ya kioo, akaniamuru niweke wangu kwenye kibodi, akafumba macho na kuomba kwa sauti mpaka wapita njia wakachungulia.

Siku moja, shangazi akiwa ametoka kununua karatasi, ikaganda mikononi mwangu. Dereva wa watalii aliyekuwa akingoja ratiba yake akacheka. "Haijaganda hii, dogo. Kuna kidirisha kimejificha nyuma ya hili kubwa, kinauliza kama iprinti kurasa zote. Shika Alt, gonga Tab, kitakuja mbele. Kijibu." Nikafanya, ikazinduka. Kesho yake ikaganda tena; shangazi alipofumba macho, vidole vyangu viwili vikakivuta kidirisha, nikakijibu, na kabla ya "Amina" printa ikaanza kunguruma. Shangazi alipiga vigelegele. Jumapili akasimama kanisani kushuhudia kwamba mtoto huyu ana upako. Nilitaka kusema, ila sifa ni tamu, nami sikuwa nimewahi kusifiwa kwa lolote.

Januari nikaenda shule ya bweni. Niliporudi likizo, kompyuta ilikuwa imefunikwa kitenge, na shangazi alikuwa akiuza vitunguu sokoni. Kuimba kwaya kanisani pia alikuwa ameacha.

"Niliomba peke yangu, mwanangu, hata nikafunga," alisema bila kunitazama. "Haikusikia. Nadhani kuna dhambi Mungu anaiona kwangu."

Hata hapo nilinyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu mimi haijaisha mpaka leo. Siku hizi nashinda mbele ya kompyuta, kidirisha kikijificha nakivuta bila kufikiri, na aibu hunichoma palepale. Shangazi ni mzee sasa, yuko shambani Ganako na mahindi yake. Akinipigia simu jioni ili tuombe pamoja, hakubali kuanza yeye. "Anza wewe, mwanangu," huniambia. "Mungu anakusikia wewe."

Nami huanza.