Gumba la Baba Mzazi

Yamesemwa mengi hapa Magomeni kuhusu sauti niliyoitoa jukwaani katika harusi ya binti yangu wa mwisho, na mengi kati ya hayo si sahihi. Nimeutumikia umma katika ofisi za bandari hadi kustaafu kwa mujibu wa sheria, na sikuwahi kuruhusu kumbukumbu yenye kasoro ipite mezani pangu. Ni wajibu wangu, basi, kuyaweka mambo sawa.

Mimi hupiga gitaa la besi. Nilijifunza ujanani, kwa mtindo wa heshima: kidole kimoja, waya mmoja, bila fujo. Nilipostaafu nilitamani kujifunza kuchapa, yaani ule upigaji ambapo gumba linaugonga waya na kidole cha shahada kinaunyofoa mpaka unalia kama sufuria iliyoanguka. Nilitaka hasa ngazi ya juu, ambapo gumba hugonga likishuka na kugonga tena likipanda. Kwa shauku hiyo, nilitamka mbele ya kamati ya harusi kwamba wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini utachapwa na baba mzazi. Kauli hiyo ikaingizwa katika kumbukumbu za kikao, na haikuwa na namna ya kufutika.

Mwalimu wangu alikuwa kiongozi wa bendi tuliyoikodi, mpiga besi wa zamani aliyehamia kwenye kinanda. Wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaanzisha mashamba upande wa Kilambo. Yeye ni Mmakonde, mimi Mmakua, kwa hiyo ni mtani wangu. Ana haki ya kunikashifu mbele ya mke na watoto, nami sina pa kupeleka malalamiko.

"Mtani, hilo ni gumba au andazi?" aliniuliza siku ya kwanza. "Gonga! Unaupapasa waya kama unauomba radhi."

"Nagonga kwa utaratibu."

"Utaratibu uache bandarini. Tena nikwambie mapema: ukishindwa kulishusha na kulipandisha, kinanda kitapiga besi chenyewe. Kina kitufe. Nakibonyeza, naenda zangu kula pilau."

Kitufe! Nafasi ya baba mzazi ikaimiwe na kitufe, siku ya harusi ya mwanawe, mbele ya wakwe!

Nilifanya mazoezi mpaka majirani wakaanza kunisalimia kwa ufupi. Kushuka niliweza. Kupanda, ngozi ililalamika. Mtani alilikagua gumba langu akatikisa kichwa. "Halina sugu. Limeshika kalamu tu maisha yake yote, tena kalamu ya serikali."

Hapo nikafikiri kitaalamu. Wanawake wanaobangua korosho majumbani kwetu wana vidole vigumu, vyeusi, visivyojali moto. Vidole hivyo vinashinda na mafuta ya ganda la korosho. Kwa hiyo, mafuta ya ganda huleta sugu. Hoja haikuwa na kasoro hata kidogo. Kasoro ilijitokeza katika utekelezaji. Nililipaka gumba mafuta hayo kwa ukarimu, nikalala.

Asubuhi, siku moja kabla ya harusi, mke wangu aliniona nimelishika gumba juu kama naomba ruhusa ya kuongea.

"Baba, hilo gumba limefanyaje?"

"Liko mafunzoni."

"Mafunzo gani yanavimba?" Alilinusa. "Mafuta ya maganda! Bila kujipaka majivu ya kukinga ngozi kwanza? Wewe, mtoto wa watu wa mikorosho?"

Lilikuwa limebabuka na kunenepa kuliko muhogo. Mtani alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. "Basi, mtani, kitufe."

"Kauli yangu iko kwenye kumbukumbu," nilimjibu.

"Haya, panda jukwaani. Ila kidole changu kitakuwa juu ya kitufe. Ukisita tu, nabonyeza."

Kesho yake milango ya ukumbi ikafunguliwa. Nikalishusha gumba likagonga waya, na mdomo wangu, bila idhini yangu, ukatamka: "Yalaa!" Nikalipandisha: "Mama wee!" Chini, yalaa, juu, mama wee. Sikuweza kusita, maana maumivu yenyewe yalikuwa kwenye mdundo. Wageni walidhani wanaalikwa kuitikia. Upande wa bwana harusi wakaitikia yalaa, upande wetu mama wee, na binti yangu akaingia akicheza huku machozi ya kicheko yakimharibia poda aliyopakwa tangu alfajiri. Kitufe hakikubonyezwa.

Tangu siku hiyo watu wananisimamisha sokoni kuusifia "mtindo" wangu. Napinga rasmi. Haukuwa mtindo, ilikuwa ni jeraha.

Jana mtani alipita nyumbani. "Nafasi ni yako, mtani. Jumamosi tuna harusi nyingine, na wenyewe wanautaka wimbo uleule. Nakuomba kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Usipone."

Ombi hilo linafanyiwa kazi.