Mtu wa Nafaka

Nyeri ya miaka ya tisini ilijaa watu wenye majina makubwa ya kazi ndogo. Tarishi wa kubeba mafaili alijiita afisa. Mwenye cherehani moja alijiita mwanamitindo. Mtu akiuza mikungu miwili ya ndizi pale Karatina, Jumapili anatambulishwa kanisani kama mfanyabiashara mashuhuri, naye anasimama, anainama kidogo na kufunga kifungo cha koti. Niliwadharau wote. Nyani haoni kundule.

Mimi niliishi kwa kununua na kuuza madau ya mpira. Kila Jumamosi jioni, katika chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja wa Ruring'u, wanaume walizunguka redio kusikiliza mechi za Uingereza. Kila mmoja alikuwa ameiwekea timu yake pesa na kupewa karatasi. Mimi sikuwa na timu. Kazi yangu ilianza wakati wa mapumziko. Mtu ambaye timu yake inaongoza kwa bao moja huanza kutetemeka, kwa sababu ushindi anauona na anaogopa utamponyoka. Huyo ndiye niliyemwendea. Nilinunua karatasi yake kwa nusu ya malipo ya mwisho, kisha nikamgeukia mwenye roho ngumu zaidi na kumwuzia kwa bei ya juu. Firimbi ya mwisho ikipulizwa sina karatasi hata moja, na sijali nani kafungwa.

Kwa hiyo sikukubali kuitwa mcheza kamari. Wacheza kamari walikuwa wale walimu waliovuta kofia hadi kwenye nyusi Jumamosi, na kesho yake wakaketi kiti cha mbele kanisani kutuimbia. Wala sikuwa mtu wa pata potea, wale matapeli wa karata tatu stendi. Lakini kujua usichoitwa si kuwa na jina, na mimi sikuwa nalo.

Msichana niliyetaka kumwoa alifundisha shule ya chekechea huko kwao Mukurweini. Nilipomweleza kazi yangu hakushtuka. Aliuliza maswali ya maana kuliko wateja wangu wote, hata akacheka.

"Sasa hiyo kazi inaitwa aje?"

"Haina jina."

"Itafutie. Baba lazima ataiuliza. Na mimi siwezi kuolewa na mtu anajificha."

Nilimwahidi. Niliporudi nyumbani nikampelekea baba mdogo swali hilo, kwa kuwa yeye ndiye angekuwa msemaji wetu siku ya kwenda kuposa. Nikamwambia labda tuseme mimi ni broka.

"Broka? Wacha! Hao ni watu wa kupunja wakulima wa kahawa. Ukitaja broka hapo watatufukuza na panga. Sisi tutasema nafaka. Ati nani atauliza maswali ya nafaka?"

Ningeweza kukataa. Nikajiambia ni maneno ya siku moja tu.

Tulifika kwao msichana Jumamosi asubuhi na kreti mbili za soda. Zamani ingekuwa pombe, lakini baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Desturi yenyewe ilikuwa haijabadilika: kinywaji cha wageni hakigusi mdomo wa mtu kabla binti hajaitwa mbele ya wote na kuulizwa, "Tukunywe?" Akisema kunyweni, amekubali. Kijana mwenyewe hukaa kimya kama mtungi, anasemewa.

Baba wa binti hakukawia. "Na huyu kijana yenu anafanya kazi gani?"

"Ako na biashara ya nafaka," baba mdogo akajibu bila kumeza mate. "Hapo Karatina."

Mzee akatabasamu. Akauliza mahindi mwaka huu yanatoka wapi, na baba mdogo akamjibu kwa ufasaha wa kutisha, akaniongezea na stoo mbili. Shangazi za binti wakanitazama kwa upendo. Ukoo mzima ulikuwa umempenda mtu ambaye hayupo, na mimi nimekaa kwenye kiti chake, nikiwacheka moyoni kwa wepesi wao wa kudanganyika.

Kisha binti akaitwa kutoka jikoni. Baba yake alikuwa tayari amefungua chupa moja. "Mwanangu, unawajua hawa wageni? Hii soda yao tukunywe?"

Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

"Baba, naomba yeye mwenyewe aseme anafanya kazi gani. Nimesikia kutoka jikoni, lakini nataka yeye aseme."

Shangazi mmoja aliguna. Nilijua vizuri kwamba binti hakutaka kuniaibisha. Alikuwa amenifungulia mlango, tena mbele ya baba yake, jambo ambalo si dogo kwa binti wa mzee wa kanisa. Nami nikaanza kupima, kama nilivyozoea. Nikisema kweli, baba mdogo ni mwongo na mzee atatufukuza. Nikisema uongo, yeye hawezi kukataa sasa, na nguo ameshashonesha, na watu wote hawa wameketi. Nikaona uongo ndio salama.

"Nafaka," nikasema.

"Basi msikunywe," akasema, akarudi jikoni.

Mzee aliweka chupa chini. Hakugomba. Alituambia tu, kwa adabu, kwamba barabara huwa mbaya mvua ikinyesha, na sisi tukaelewa. Tukabeba kreti zetu.

Njiani baba mdogo alinifariji kwamba wasichana wamejaa kila kilima, wengine wazuri zaidi na wasio na mdomo. Katika ukoo ule wote, ni mmoja tu aliyejua kazi yangu, naye ndiye aliyekuwa tayari kunikubali.