Tembe la Baba na Nyumba ya Bati

Mvua ikinyesha Mtumba, kwenye mji wa serikali, kazi husimama. Hakuna anayetangaza. Mmoja huinuka kwenda dirishani, wa pili humfuata, na punde ofisi nzima imejaa pale, wakubwa kwa wadogo, tunatazama maji yakipiga lami mpya. Wenzetu waliohamia kutoka Dar es Salaam hutushangaa, maana kwao mvua ni foleni na viatu kuloa. Sisi wa huku, baada ya miezi ya vumbi na upepo unaopasua midomo, tunaitazama hadi ikatike ndipo turudi mezani. Mimi humkumbuka baba, aliyehama nyumba kwa sababu ya mvua.

Nilizaliwa kwenye tembe, kijiji kimoja upande wa Kongwa. Kwa asiyelijua, tembe ni nyumba fupi ya miti na udongo, na hata paa lake, lililo bapa, ni la udongo. Kila mwaka mawingu yalipoanza kujikusanya, baba alipanda juu kuziba nyufa, sisi watoto tukimpandishia udongo kwa vikapu. Kifuku, yaani majira ya mvua, kikikolea, majani yaliota juu ya nyumba yetu na mbuzi wakapanda kuyala. Mama aliwafukuza kwa mwiko, akilalamika kwamba aliahidiwa nyumba, si malisho.

Kwa hiyo mimi na dada yangu tulipopata kazi, jambo la kwanza lilikuwa kuwajengea wazee nyumba ya matofali na bati, palepale uani. Rangi ya bati alichagua mama: bluu. Baba alishukuru, akapokea ufunguo, akalala humo kiangazi chote bila neno.

Mvua ya kwanza ilitukuta wote nyumbani, tumekwenda kwa ajili ya Krismasi. Ilianza jioni tukiwa tunakula, baba yuko katikati ya habari ya ng'ombe wa jirani aliyezaa mapacha. Bati likaanza. Baba akapaza sauti, bati likamzidi. Akajaribu kumalizia kwa mikono, dada akacheka, naye akatazama juu kama anayemsubiri mgeni asiye na adabu amalize kusema. Kisha akachukua koti lake na mkeka, akatoka.

Nilimkimbilia. "Baba, unakwenda wapi na mvua yote hii?"

"Nyumbani," akasema.

Nikamfuata ndani ya tembe, nikainama mlangoni kama zamani. Mle mlikuwa na utulivu niliokuwa nimeusahau. Mvua ileile iliyotuzuia kusikilizana kule, huku ilisikika kama mtu anapepeta uwele nyumba ya pili. Pembeni palikuwa pakivuja kidogo, na baba alikuwa ameshaweka sufuria. Akaketi, akakung'uta koti, akaendelea pale alipoachia.

"Basi wale ndama wote wawili wamefanana na fahali wangu, na jirani hataki kukiri."

Mama alikasirika. "Watoto wamejinyima, wamekujengea, wewe unarudi shimoni. Watu si watasema nimekufukuza?" Baba akamjibu kwamba watu wakiuliza, awaambie amefukuzwa na bati. Kifuku chote kile wakaishi nyumba mbili. Mama alimpelekea ugali na mlenda chini ya mwavuli, akaweka chakula, akarudi kwake. Dada alipopiga simu mvua ikinyesha, mama hakusikia kitu, ikabidi ampigie baba.

"Mpe mama niongee naye," dada alisema.

"Mama yako yuko kwake," baba akajibu, kwa utulivu kabisa.

Mwaka uliofuata nilikwenda mwezi wa pili. Nilifika mvua inanyesha, nikapiga hodi nyumba ya bati, kimya. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Moshi ulikuwa unatoka kwenye tembe. Niliwakuta wote wawili wameketi motoni wanachoma mahindi mabichi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema haraka. "Mimi nimeleta chakula tu."

Nyuma yake niliona kitanda chake, na juu yake lile shuka la maua alilonunua kwa ajili ya nyumba mpya. Baba aligeuza hindi lake, akatazama pembeni ili asicheke. Mama akaona nimeona.

"Kule ni kuzuri," akasema. "Sijasema ni kubaya. Ila huyu mtu nimezungumza naye miaka yote hii. Leo nikae naye kama bubu?"

Niliwaahidi dari, kwamba ingepunguza kelele. Tuliiweka, ikapunguza kweli, nao wakaisifu, lakini mawingu yalipokuja walihama vilevile. Wakawa wanaishi hivyo, kiangazi kwenye bati, kifuku kwenye tembe. Dada aliwaita vigogo, watu wa makazi mawili. Nikiwa Miyuji, mjini, kwenye nyumba yangu yenye dari ya jipsamu ambayo hunifanya nijue asubuhi tu kwamba usiku ilinyesha, mara nyingi niliwaonea wivu.

Baba alifariki mwezi wa nane, wakati wa upepo. Mawingu yaliporudi hakukuwa na mtu wa kupanda juu. Nikamwambia mama nitatafuta fundi aje kuziba paa.

"Acha," akasema. "Nikae mle naongea na nani?"

Tembe lilianguka kwenye mvua kubwa za mwezi wa kwanza. Mama, aliyekuwa amelala chini ya bati, hakulisikia. Aliliona asubuhi alipofungua mlango. Alinipigia simu akanieleza polepole, bila kulia. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tuliondoa miti, ikawa kuni. Kile kichuguu cha udongo kilichobaki mama alikipanda maboga. Udongo ule ulikuwa umekula moshi na samadi tangu kabla sijazaliwa, na maboga yaliyotoka pale hayakubebeka kwa mkono mmoja. Nilipokwenda Pasaka alipika moja, tukalila uani juani. Akaniambia majirani wanapita kila siku kumwomba mbegu.

"Unawapa?"

"Nawapa," akasema, akiniongezea kipande. "Wananipa na ahsante. Sijawaambia kwamba si mbegu."